MOYO, DAMU NA SAFARI ISIYO NA KITUO CHA MWISHO



Kiswahili chetu kinautaja moyo kila uchao. Mtu hupewa moyo, huvunjika moyo, hupiga moyo konde, na mgeni hupokelewa kwa moyo mkunjufu. Damu nayo haikuachwa nyuma. Tunasema damu ni nzito kuliko maji. Kijana mkali husemwa damu inamchemka, na watu wawili wasioelewana husemwa damu zao hazipatani. Misemo hii tunaipamba nayo insha zetu na walimu wanatutilia alama ya vyema. Lakini hebu msimamishe mwenzako pale nje ya bwalo umuulize, "Moyo kazi yake ni nini?" Atakujibu haraka, "Kupiga." Ukimuuliza unapiga nini, kwa nini, na damu inaelekea wapi, hapo ndipo kimya huingia.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, somo lenyewe tunalisoma darasani kwa Kiingereza, tunalikariri, tunalitapika kwenye mtihani, halafu kwaheri. Pili, kila gari la kukusanya damu linapokuja shuleni, wenzetu wengi hujificha. Huyu ati tumbo linamuuma, yule ati ana zamu ya kufagia bweni. Mimi naamini mtu haogopi jambo analolielewa. Basi tuanze safari.

PAMPU MBILI KATIKA KIFUA KIMOJA

Kunja ngumi yako uitazame. Ukubwa wa moyo wako ni karibu na huo. Moyo haukai kushoto kabisa kama wengi wanavyodhani wakati wa kuimba wimbo wa taifa. Uko katikati ya kifua, kati ya mapafu mawili, ila ncha yake imeinamia kushoto.

Moyo ni msuli, lakini si kama msuli wa mkono ambao ukichoka unaupumzisha. Ndani yake mna vyumba vinne: viwili vya juu vya kupokea damu, na viwili vya chini vya kuisukuma. Ukuta mmoja umeugawa moyo upande wa kulia na upande wa kushoto, na damu ya pande hizi haichanganyiki. Kwa hivyo moyo ni pampu mbili zilizoshikana, zinazofanya kazi kwa mpigo mmoja.

Pampu ya kulia hupokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuisukuma mpaka kwenye mapafu, ambayo ni safari fupi. Pampu ya kushoto hupokea damu iliyoburudishwa kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima, toka utosini hadi kwenye kidole cha mguu. Kwa vile safari hii ya pili ni ndefu, ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko ule wa kulia. Ni kama tofauti ya mtu anayetembea mpaka dukani na mtu anayepanda Menengai kila siku. Miguu yao haiwezi kuwa sawa.

Kati ya vyumba vya juu na vya chini, na pale damu inapotokea, mna milango midogo iitwayo vali. Milango hii hufunguka upande mmoja tu, ili damu isirudi nyuma. Ule mlio wa "du-dup, du-dup" ambao daktari anausikiliza ni mlio wa milango hiyo ikijifunga. Daktari hodari akisikia mlio umebadilika, anajua kuna mlango usiofunga vizuri. Moja ya sababu za milango hii kuharibika ni homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na ugonjwa wa koo unaoletwa na bakteria na usiotibiwa. Kwa hivyo, mwenzangu, koo likikuuma sana na homa ikapanda, usikae bwenini ukinywa maji moto siku nne. Nenda ukaonwe.

HESABU ZA KUSHANGAZA

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Hesabu mapigo kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa mbili. Mtu mzima aliyetulia hupata kati ya 60 na 100 kwa dakika. Mimi nilijipima asubuhi kabla ya kengele nikapata 68. Kisha nikazunguka uwanja wa mpira mara tatu, nikapata 148. Moyo haukuwa na ugonjwa. Misuli ya miguu ilidai chakula na hewa, nao moyo ukaongeza kasi ili kuipelekea.

Tuchukue mapigo 70 kwa dakika. Kwa saa moja ni 4,200, na kwa siku nzima ni 100,800. Kila pigo husukuma kiasi cha mililita 70 za damu, kwa hivyo kwa dakika moja moyo husukuma karibu lita 5. Na mtu mzima ana damu kiasi gani? Karibu lita 5! Maana yake ni kwamba ukiwa umetulia, damu yako yote huzunguka mwili na kurudi kwa muda wa kama dakika moja.

Kwa siku nzima hizo ni zaidi ya lita 7,000. Kama hamwelewi uzito wake, mfikirieni mwuza maji wa mtaani mwenye mkokoteni wa jerikeni 20, kila moja ya lita 20. Angelazimika kujaza na kumwaga mkokoteni wake mara 18 kwa siku, bila Jumapili, bila likizo na bila hata kukaa chini anywe chai. Na moyo wenyewe ni kama ngumi!

NANI ALIGUNDUA KWAMBA DAMU HUZUNGUKA?

Kwa karne nyingi madaktari wa Ulaya waliamini mafunzo ya Galeni, kwamba damu inatengenezwa kwenye ini, inakwenda mwilini, inatumika na kwisha, kama maji yanayonyunyiziwa shamba. Katika karne ya 13 tabibu Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Misri, alieleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapitia mapafuni, ndipo ikafika upande wa kushoto. Mwaka wa 1628 Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu chake. Alipiga hesabu kama zile nilizopiga hapo juu, akaona kwamba damu inayosukumwa kwa muda mfupi ni nyingi kuliko damu yote iliyomo mwilini. Basi haiwezekani iwe inatengenezwa upya kila mara. Lazima ni ile ile inayozunguka. Alifunga mkono wa mtu kwa kitambaa na kuonyesha jinsi mishipa inavyovimba upande ulio mbali na moyo, kwa sababu damu inayorudi moyoni imezuiwa njia.

Sasa ngojeni niwaambie jambo la nyumbani. Wafugaji wa Bonde letu la Ufa, Wamaasai na Wakalenjin, tangu jadi walijua kumtoa ng'ombe damu bila kumwua. Walifunga ukanda shingoni mwa ng'ombe, mshipa mkubwa wa shingo ukavimba, kisha wakaupiga kwa mshale mfupi uliofungwa kizuizi karibu na ncha ili usizame sana. Damu iliruka ikakingwa kwenye kibuyu, ikachanganywa na maziwa. Ukanda ulipofunguliwa, mshipa ulilegea, jeraha likazibwa, na ng'ombe akarudi malishoni. Ule ukanda ni kitambaa cha Harvey chenyewe! Mshipa huo unaleta damu kutoka kichwani kurudi moyoni, ndiyo maana ukiubana chini, unajaa juu.

Tena wafugaji hao walijua jambo la pili: damu ikitolewa kwa kiasi, inarudi. Ng'ombe yule hakuguswa tena mpaka apumzike wiki kadhaa. Likumbukeni jambo hili, nitalirudia.

BARABARA KUU NA VICHOCHORO

Mishipa ni ya aina tatu. Ateri hutoa damu moyoni. Kuta zake ni nene, kwa sababu damu hutoka kwa nguvu. Vena huirudisha damu moyoni. Kuta zake ni nyembamba, na ndani mna vali ndogo za kuizuia isishuke, hasa miguuni. Kati ya hizo mbili kuna kapilari, mishipa myembamba mno hivi kwamba chembechembe nyekundu hupita moja moja kama wanafunzi kwenye foleni ya chakula. Harvey hakuweza kuziona kapilari. Aliyeziona ni Mwitaliano Marcello Malpighi mwaka wa 1661, kwa kutumia darubini.

Fikirieni ile barabara kuu itokayo Nairobi, ikapita Naivasha, Gilgil na Nakuru kuelekea Eldoret. Lori kubwa halimletei mtu unga mlangoni. Mzigo hushushwa mjini, ukaingia barabara ndogo, halafu vichochoro, ndipo ufike jikoni. Kapilari ndizo vichochoro. Ni huko ambako hewa na chakula hutolewa, na taka huchukuliwa.

Na kuna jambo moja ambalo watu wengi wanalisema: ati damu iliyomo kwenye vena ni ya samawati. Si kweli. Damu ya binadamu ni nyekundu daima. Ikiwa na oksijeni nyingi ni nyekundu ya kung'aa, ikipungukiwa ni nyekundu iliyokoza. Rangi ile ya samawati mkononi ni ujanja wa mwanga unapopita kwenye ngozi.

KUNA NINI NDANI YA DAMU?

Ukiiacha damu itulie kwenye chupa yenye dawa ya kuizuia isigande, itajitenga. Juu kutakuwa na maji ya rangi ya manjano yaitwayo plazima, zaidi kidogo ya nusu. Chini kutakuwa na chembechembe nyekundu, na katikati utando mwembamba wenye chembechembe nyeupe na vigandishi.

Plazima hubeba chakula, chumvi, homoni na taka. Chembechembe nyeupe ni askari wa mwili. Vigandishi huziba jeraha unapokatwa na wembe. Chembechembe nyekundu ndizo matatu za oksijeni. Ndani yake mna hemoglobini, yenye madini ya chuma, na kila hemoglobini ni kama teksi ya abiria wanne. Abiria hao ni oksijeni. Hupanda mapafuni na kushukia mwilini. Chembe moja nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, na nyingine hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Usiku na mchana kiwanda hicho hakifungwi.

Hapa kwetu tuna bahati ya pekee. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Eldoret karibu mita 2,100, na Iten karibu 2,400. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na kila pumzi inakuletea oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa. Figo hugundua upungufu huo na kutoa homoni inayouamrisha uboho uongeze chembechembe nyekundu. Kwenye Olimpiki za Mexico City mwaka wa 1968, mji ulio zaidi ya mita 2,200, wakimbiaji wengi walihema kama samaki nje ya maji. Kipchoge Keino wetu akashinda dhahabu ya mita 1,500, na Amos Biwott akashinda ya kuruka viunzi na maji. Sisemi ni damu peke yake. Bila mazoezi, hata ukizaliwa juu ya mawingu hutashinda mtu. Lakini damu ilisaidia.

Chembechembe nyekundu zikipungua, mtu hupata upungufu wa damu: anachoka ovyo, anaona kizunguzungu, moyo unamwenda mbio kwa kazi ndogo. Wenzetu wasichana wamo hatarini zaidi kwa sababu ya hedhi. Dawa iko jikoni: maharagwe, ndengu, omena, maini, nyama, terere na managu. Ongeza chungwa, kwani husaidia chuma kuingia mwilini. Na chai, ingawa tunaipenda, msiinywe pamoja na chakula, kwani huzuia chuma hicho. Ingojeeni saa moja hivi.

DAMU ZINAPATANA AU HAZIPATANI?

Wazee waliosema "damu zao hazipatani" hawakujua walikuwa karibu na sayansi. Mwaka wa 1901, huko Vienna, Karl Landsteiner alieleza kwamba damu za watu zina makundi. Leo tunayajua kama A, B, AB na O. Kundi hutokana na alama zilizo juu ya chembechembe nyekundu. Mwenye A ana alama A, mwenye B ana B, mwenye AB anazo zote mbili, na mwenye O hana hata moja kati ya hizo. Mwili wako ukiingiziwa damu yenye alama usizozijua, plazima yako huishambulia, chembechembe hizo zikagandana na kupasuka, na mgonjwa anaweza kufa. Kuna pia alama ya Rh, ndiyo maana tunasikia "O chanya" au "O hasi". Chembechembe za O hasi zinaweza kupewa mtu yeyote wakati wa dharura. Landsteiner alituzwa Nobeli mwaka wa 1930.

Kundi la damu tunarithi kwa baba na mama. Lakini halina kabila. Yuko Mkikuyu wa O, Mkalenjin wa O, Mluo, Mkisii, Mluhya, Mmaasai, Mturkana na Mhindi wa O. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kukosa kupeana damu, na mtu wa mbali usiyeijua lugha yake akakufaa. Tunaokaa Nakuru tuna sababu ya kulifikiria jambo hili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na hasa mwishoni mwa Januari 2008, damu ilimwagika katika mji huu kati ya majirani. Sisi wengi tulikuwa hatujazaliwa, lakini wazazi wetu wanakumbuka. Mfuko wa damu hospitalini huandikwa kundi na tarehe. Jina la kabila haliandikwi, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuulizia.

KWA NINI NAANDIKA HAYA

Baada ya shambulio la bomu la Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, lililoua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu, nchi yetu ilitambua kwamba haina akiba ya damu ya kutegemewa. Huduma ya taifa ya damu ikaundwa, na Nakuru ikapata kituo cha kanda. Huku kwetu haja tunaiona kwa macho. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipoanguka Sachangwan, likashika moto na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori ziligongana Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakapoteza maisha. Na si ajali tu. Kuna watoto wa malaria kali, wagonjwa wa saratani na selimundu, na kina mama wanaovuja damu wakijifungua.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wa kina mama hao. Alijifungua mwezi wa Desemba, akavuja damu nyingi, akaongezewa mifuko mitatu. Mtoto sasa yuko darasa la nne na anapenda kunisumbua nikiwa likizoni. Hakuna mtu katika ukoo wetu anayewajua watu watatu waliotoa damu ile. Mimi kila nikiona uso wa kijana yule hujiuliza, huenda mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa kidato cha nne mahali fulani.

Sina haja ya kubahatisha sana, kwa maana katika Kenya sehemu kubwa ya damu inayotolewa kwa hiari hutoka kwa wanafunzi wa sekondari. Ndipo shida inapozuka. Damu haiwekwi kama mahindi ghalani. Chembechembe nyekundu hukaa kwenye jokofu siku 35 mpaka 42 kulingana na dawa iliyomo mfukoni, na vigandishi siku 5 hivi. Damu iliyotolewa shuleni mwishoni mwa Oktoba haifiki Krismasi. Na Krismasi ndiyo wakati shule zimefungwa, barabara zimejaa magari, na hospitali zinahitaji damu zaidi.

Wanaojificha bwenini wana maswali yao, nami nayajibu. Ati utakonda? Hutolewa mililita 450 hivi kati ya lita zako karibu 5. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, chembechembe nyekundu kwa wiki kadhaa. Kumbukeni ng'ombe wa mfugaji! Ati utaambukizwa? Sindano ni mpya, hutumiwa mara moja na kutupwa. Ati kila mtu hulazimishwa? La. Anayetakiwa ni mwenye afya, wa miaka 16 hadi 65, mwenye kilo 50 au zaidi, na hemoglobini hupimwa kwanza. Damu yenyewe hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini na kaswende kabla ya kupewa mgonjwa. Baadaye utapewa soda na biskuti, upumzike, na siku hiyo usikimbie mbio za kilomita kumi.

Basi pendekezo langu ni hili. Gari likija muhula wa tatu, tutoe. Lakini wale waliotimiza umri na hawakutoa wakati huo, waende Desemba kwenye kituo kilicho karibu na nyumbani kwao, baada ya kuzungumza na wazazi. Walimu wetu waheshimiwa, nanyi tunawaomba mtuongoze njia, kwani mwalimu akinyoosha mkono wa kwanza, hakuna mwanafunzi atakayekumbuka zamu ya kufagia.

Nimefika mwisho wa karatasi niliyopewa. Ukimaliza kusoma, weka tena vidole kwenye kifundo cha mkono usikilize. Moyo wako umepiga mamia ya mara tangu uanze makala hii, na hukuuomba. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri.